Pumzi ya Nambari Saba

Tarehe 3 Machi

Mwanangu, Daktari wa Karatasi,

Marahaba kwanza, maana najua ungeanza na shikamoo. Bahasha yako ameileta dereva wa basi, ameishika kwa vidole viwili kama amebeba mtoto wa nyoka. Kurasa thelathini na nane. Shangazi yako niliacha shule darasa la tano, lakini nimeshonea wake za mabalozi wawili, nimeishi bandari tatu, na natukanwa kwa lugha nne bila mkalimani. Kurasa thelathini na nane hazinitishi. Nimezisoma zote, mpaka ile ya shukrani, ambayo jina langu halimo.

Nimeelewa hivi. Majonzi hayakai kichwani peke yake. Yanashuka shingoni, tumboni, kifuani, yanaiba usingizi, yanabana pumzi. Jambo hilo mmelichunguza miaka sita, halafu mkaliandika kwa maneno ambayo yangemkwama balozi mwenyewe. Unataka kijitabu ambacho mwanamke wa kawaida atakisoma akakielewa. Umefanya vizuri kuja kwangu. Wanawake wangu hawasomi kurasa, mwanangu, wanasoma tepu.

Sasa sikiliza ujanja wangu. Mteja akija kupimwa nguo, nazungusha tepu kifuani, namwambia atoe pumzi yote, naandika. Namwambia avute mpaka mwisho, naandika. Tofauti ndiyo pumzi yake. Mtu hawezi kuona majonzi yake, lakini inchi anaiona. Nawafundisha kuvuta pumzi taratibu, na wiki ijayo tunapima tena.

Na zile kurasa zako nimezikata mpaka zikabaki sentensi moja: «Kifua kikikubana nawe una majonzi, si ugonjwa, ni mawazo, vuta pumzi, kitafunguka.» Wameshaikariri. Iweke kwenye jalada, utanishukuru.

Shangazi yako,
Fundi Mdomo


Tarehe 5 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kama nimefiwa. Bosi wangu amesoma sentensi yako mara tatu, akasema hatujawahi kuandika kitu kifupi namna hii. Itakwenda kwenye jalada. Mtambo wa chapa unatusubiri mwezi ujao, nakala elfu tatu, za kugawa kwenye masoko, saluni na viwanda vya nguo.

Ile ya tepu naiomba rasmi. Chukua wanawake kumi na wawili, wapime kila wiki, unitumie namba. Majina usiandike, ndiyo sheria yetu. Mpe kila mmoja nambari.

Neno moja tu. Ukurasa wa ishirini na mbili uliusoma vizuri? Sisemi hukuusoma. Nimeuweka mwishoni mwa kijitabu, kwa herufi ndogo, ili jalada lisijae.

Mwanao


Tarehe 14 Machi

Daktari wa Karatasi,

Niliusoma. Hivi unanionaje?

Namba zako hizi hapa, na maelezo yake nakupa bure. Nambari tatu ni mwalimu wa shule ya msingi, aliyefiwa na mama yake. Kapanda kutoka inchi moja hadi moja na nusu, anasema sasa analala. Nambari tano anavuta pumzi kwa nguvu mpaka kifungo cha mteja mwenzake kiliruka, sijui cha kwake kingeruka wapi. Nambari tisa alinikataza nisiseme inchi zake mbele ya wifi yake, wifi akasema, «Kwani unapimwa pumzi au unapimwa mahari?» Tulicheka mpaka mtarizi wangu, ambaye hacheki hata akilipwa, akageukia ukutani.

Nambari saba nitakueleza kidogo, maana nimempenda. Ni karani wa ofisi ya maji, kule ng'ambo ya reli. Ndiye anayekaa dirishani, anayekurudishia fomu ukikosea. Mwezi wa kwanza alimzika dada yake. Anakuja Alhamisi, saa ya chakula, ofisi yao ikifungwa, wakati mtarizi ametoka na duka limetulia. Ameagiza blauzi ya bluu ya kola. Anasema kifua kinambana akipanda ngazi, taya linamuuma kama jino, mkono wa kushoto unakufa ganzi, na anatoka jasho la baridi. Aliniuliza aende hospitali? Nikamwambia sentensi yetu. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri, akaikunja, akaitia mkobani. Akasema, «Afadhali wewe. Kule ningepanga foleni siku nzima.»

Tarehe 6 alikuwa na inchi mbili. Jana moja na nusu. Nadhani anajifunza kutulia.

Fundi Mdomo


Tarehe 17 Machi

Shangazi, shikamoo.

Naandika haraka, basi linaondoka. Wengine wote kumi na mmoja namba zao zinapanda. Ya nambari saba inashuka. Taya, mkono wa kushoto, jasho la baridi: hayo ndiyo ya ukurasa wa ishirini na mbili. Kwa wanawake moyo mara nyingi hulalamika hivyo, na watu husema ni mawazo. Tafadhali ukipata barua hii usingoje Alhamisi. Funga duka, vuka reli, mchukue dirishani pake umpeleke hospitali.

Niandikie ukishamaliza.

Mwanao


Tarehe 28 Machi

Mwanangu,

Barua yako ilifika Jumatano ya tarehe 19, dereva alipata pancha. Nilikuwa na sare ishirini na nne za wahudumu wa hoteli, nikasema kesho ni Alhamisi, atakuja mwenyewe.

Alikuja, tarehe 20, saa ile ile. Nikamwambia habari ya hospitali. Akasema, «Maumivu yameisha, Shangazi. Yameisha kabisa.» Hata rangi ya uso ilikuwa imetulia. Nikafurahi, nikamwambia mwanangu daktari anapenda kutisha watu. Nikampima. Inchi moja. Jana amerudi. Nusu inchi.

Usiniletee ukali, nakueleza yote. Kuna vitu viwili vitatu sivielewi. Jana alikuwa wa baridi. Nimeshika vifua vya wanawake miaka thelathini, najua joto la mtu lilivyo hata asubuhi ya mvua, lakini huyu nilishika kama nashika kitambaa kilichokuwa chini ya rundo. Pili, kila akija ananiomba niisome sentensi. Nikifika penye «si ugonjwa» ananitazama vile makarani wanavyomtazama mtu aliyejaza fomu vibaya. Hasemi kitu, ananitazama tu, halafu anasema, «Soma tena.»

Tatu, mtarizi alirudi mapema kutoka kula, akanikuta nimeinua tepu. Akauliza naongea na nani. Nikamwambia aende akapimwe macho.

Blauzi ya bluu ipo tayari tangu wiki iliyopita. Hajaichukua. Anasema haina haraka.

Fundi Mdomo


Tarehe 1 Aprili

Shangazi,

Nimeandika barua hii mara nne.

Nilipoona huendi, nilipiga simu ofisi ya maji mwenyewe, nikamwomba mkuu wao amruhusu karani wa dirishani aende hospitali. Akasema nimechelewa. Alifariki Jumanne ya tarehe 18, asubuhi, kazini. Aliinamisha kichwa mezani, watu kwenye foleni wakadhani anatafuta muhuri. Daktari aliandika moyo. Ndugu zake walimsafirisha kesho yake kwenda kuzikwa kwao, ndiyo maana huko kwenu hamkusikia. Mkuu alisema mkobani mwake walikuta karatasi yenye sentensi moja, wakadhani ni sala.

Kwa hiyo naomba uniambie ukweli. Tarehe 20 na 27 ulimpima nani?

Kama ulitunga namba ili usinivunje moyo, nitakusamehe. Nakujua, una huruma inayozidi hesabu. Ila niambie, maana bosi anataka kuzitumia, na namba za uongo zitaharibu hata zile za kweli. Ukiniambia umetunga, nitalala.

Mwanao


Tarehe 3 Aprili, Alhamisi, saa kumi

Mwanangu,

Sikutunga. Ningependa sana niwe nimetunga.

Barua yako imefika leo saa nne asubuhi. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, halafu nikamwambia mtarizi aende kula mapema. Sijui kwa nini nilimwambia hivyo. Labda nilitaka kuona kama nina wazimu peke yangu, bila shahidi.

Alikuja. Pazia la mlango halikusogea, lakini alikuja, na gauni lile lile la kazini, na doa la wino kidoleni. Nimeona mengi duniani, mwanangu. Nimeona meli ikiungua na nahodha akinywa chai. Leo nilirudi nyuma mpaka nikagonga cherehani.

Akainua mikono apimwe, kama kawaida. Nikazungusha tepu. Nikamwambia toa pumzi. Nikamwambia vuta. Tepu haikusogea. Nikasema vuta tena, sauti yangu ikiwa ya mtu mwingine. Haikusogea hata upana wa uzi, na wakati huo huo yeye anaongea nami, anasema, «Andika.» Nikaandika sifuri. Karatasi naitia ndani ya bahasha hii, na mwandiko wangu umepinda kama wa mlevi.

Nikamuuliza, «Mama, mimi nimekukosea nini?» Kumbe najua, lakini niliuliza. Akasema, «Fomu ina kosa. Sijaja kugombana. Mimi kazi yangu ni kurudisha fomu.» Halafu akaangalia nyuma yake, mlangoni, pasipo na mtu, akasema, «Kuna wengi nyuma yangu kwenye foleni.»

Sasa nakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Ukurasa wa ishirini na mbili sikuusoma. Niliishia wa kumi na tisa. Maneno yalikuwa mazito, macho yakanichoka, nikaruka mpaka shukrani kuona kama jina langu lipo. Kisha nikakuandikia nimezisoma zote, maana Fundi Mdomo hawezi kusema hajamaliza. Yule karani aliniuliza aende hospitali, mwanangu, kwa mdomo wake, na mimi nikamwambia asiende. Nikamwambia kwa sentensi nzuri.

Simamisha mtambo. Waambie ni mimi.

Shangazi yako


Tarehe 7 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Sijui nimeamini nini katika barua yako. Ile sifuri nimeiangalia sana.

Lakini usijibebeshe peke yako. Wewe hukuusoma ukurasa ule. Mimi niliuandika. Nilijua kwamba «si ugonjwa» si kweli, nikauweka ukurasa huo nyuma kwa herufi ndogo, kwa sababu bosi alikuwa amefurahi na mimi nilitaka afurahi. Miaka sita nimelalamika kwamba wanawake hawaelezwi mambo yanayohusu miili yao, na siku nilipopata nafasi ya kuwaeleza, nikawaficha lililo la maana.

Nimekwenda kwa bosi. Jalada limeshachapwa, na nakala mia mbili zimeshapelekwa kwenu. Anasema sentensi inapendwa, na kifo kimoja hakithibitishi kitu. Nikamwambia aliyeitunga ameikana. Akasema, «Basi aje aseme mwenyewe.» Kikao ni Jumanne ijayo. Kutakuwa na watu tisa, wengi wamevaa tai, na watakuuliza umesoma mpaka darasa la ngapi.

Najua ni kitu gani nakuomba. Usipokuja, zilizobaki zitagawiwa.

Na uje na sentensi nyingine.

Mwanao


Tarehe 11 Aprili

Mwanangu,

Nitakuja. Gauni la kikaoni nimeshashona, maana nikiaibika nitaaibika nimependeza.

Zile mia mbili nimeanza kuzikusanya. Nimepita saluni kwa saluni, kiwanda kwa kiwanda, nasema nirudishieni, nilikosea. Mara ya kwanza kulisema neno hilo lilinitoka kama mwiba wa samaki. Mara ya thelathini lilikuwa limelainika. Nimepata mia moja na themanini na sita. Kuna mmoja alinicheka, «Fundi Mdomo leo umeshonwa?» Nikamwambia ndiyo, na uzi ulikuwa wangu.

Jana ilikuwa Alhamisi. Nilimkataza mtarizi kutoka. Unamjua, haamini hata mawingu. Nilimwambia akae kwenye cherehani yake, atazame, asiseme kitu.

Mtarizi hakumwona. Lakini nilipozungusha tepu, alisimama akaangusha mkasi. Baadaye aliniambia alichoona: tepu ilikuwa imekaa duara hewani mbele yangu, imekaza, na katikati hamna mtu. Ametaka ruhusa ya siku tatu. Nimempa wiki.

Nilikuwa nimeandika sentensi mpya, nikamsomea Karani: «Kifua kikikubana na kisipoachia, nenda hospitali wakupime moyo.» Nikaona nimefanya la maana. Akanisikiliza kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza kupitia kioo cha dirisha. Akasema, «Kisipoachia ni muda gani?»

Nikaisoma tena karatasi yangu.

Akasema, «Mimi nilisubiri kiachie.»

Nikachukua kalamu nikafuta. Akasimama pale mpaka nilipomaliza kufuta. Kisha sikumwona tena, na duka likawa na joto, nikagundua nilikuwa nimevaa sweta mbili mchana wa jua.

Sentensi sasa inasema hivi: «Kifua kikikubana, nenda hospitali leo wakupime moyo. Wakishakupima, njoo tuvute pumzi pamoja, maana majonzi nayo huumiza mwili kweli.» Ni ndefu. Haiimbiki. Nimejaribu kuipunguza usiku kucha, kila nikikata naona namkata mtu.

Tutaonana Jumanne. Kama watauliza darasa, nitawaambia la tano, na nilikaa dawati la mbele.

Shangazi yako


Tarehe 18 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Umeondoka jana tu na watu hapa hawajaacha kukusema. Yule mzee wa tai nyekundu, aliyekukatiza mara mbili, leo amekuja mezani kwangu akauliza kama mke wake anaweza kupata nakala ya kwanza. Anasema mkewe amekuwa akilalamikia taya tangu mwaka jana, na yeye akimwambia apumzike.

Jalada la zamani limetupwa. Ukurasa wa ishirini na mbili sasa ndio ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa. Nakala kumi nimekutumia na barua hii.

Bosi ameniuliza nambari saba tuiandikeje kwenye ripoti. Nimeandika vipimo viwili, vya tarehe 6 na 13, na chini yake: alifariki. Zile namba nyingine nimezifungia kwenye droo yangu. Sikuweza kuzichana.

Bado anakuja?

Mwanao


Tarehe 26 Aprili

Mwanangu,

Hapana. Tarehe 17 nilikuwa ndani ya basi narudi kutoka kwako, kwa hiyo siwezi kuapa. Juzi, Alhamisi, nilikaa peke yangu saa nzima ya chakula. Nilipiga pasi kitambaa kilichokwishapigwa. Nakuambia ukweli, niliona aibu kwamba namsubiri.

Jana asubuhi alikuja mwalimu, nambari tatu. Sikumpenda alivyotembea. Alikuwa ameshika taya, anacheka, anasema labda ni jino, labda ni mama yake anamkumbuka. Akainua mikono nimpime. Nikamwambia ishushe. Nikafunga duka wateja wawili wakiwa ndani, ikabidi wanipigie kelele nirudi kuwafungulia.

Hospitali kulikuwa na foleni ya wanawake kwenye benchi refu. Nikapita wote, wakanisonya, nikawaomba radhi kwa lugha zote nne. Tabibu wa zamu, kijana mwenye macho mekundu ya usingizi, akamuuliza mwalimu, «Mama, umefiwa karibuni?» Mwalimu akasema ndiyo, na mama. Kijana akaanza kufunga faili. Akasema, «Basi ni mawazo tu. Nenda nyumbani ukapumzike.»

Nikamwambia, «Baba, maneno hayo ni yangu. Mimi ndiye niliyeyatunga na mimi ndiye niliyeyafuta. Mpime moyo.»

Akasema atamwita mlinzi. Nikasema amwite, nilimshonea suruali. Nikatoa kijitabu, nikamsomea ukurasa wa kwanza pale pale, kwa sauti, taya, mkono, jasho la baridi, na kila nililosoma mwalimu akawa anaitikia kwa kichwa. Kijana akamtazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza. Akaita mashine ya kupima moyo.

Sitajifanya nimeelewa ile mistari. Nilichoelewa ni kwamba kijana alianza kukimbia. Walimwingiza ndani na kitanda. Jioni yule kijana akatoka mwenyewe kunitafuta, akasema mwalimu amelala, yuko hai, na kama angeenda nyumbani asingefika kesho. Akaniomba kile kijitabu. Nikampa.

Lakini nilitaka kukueleza ya kabla ya hapo, wakati mwalimu yuko ndani na mimi sijui kitu. Nilirudi ukumbini. Wale wanawake wa foleni wote walikuwa wananitazama, walisikia kila kitu. Mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, «Mama, hayo uliyokuwa unasoma, tusomee na sisi.»

Nikatafuta pa kukaa. Benchini palikuwa na nafasi moja katikati, upana wa mtu mmoja, na wanawake watano wamesimama ukutani na maumivu yao. Nikawaambia, «Mbona mmesimama na nafasi ipo?»

Yule mwenye mtoto akaangalia ile nafasi, kisha akaniangalia mimi, akasema kwa upole kabisa, «Pana mtu.»

Nikasoma nimesimama.

Shangazi yako